Mwenyekiti wa Kitanda

Alikuwa mwenyekiti wa nini, hakuna aliyejua. Kila aliyehamia kichochoro chetu cha Kibera, upande ule unaopakana na mtaa wa Ayany, alimkuta tayari ni Mwenyekiti, na kwa kuwa wote walimwita hivyo, naye akamwita hivyo. Mimi nilidhani ni mwenyekiti wa ploti, yaani nyumba zetu za kupanga. Mwenye ploti akaniambia hapana, yeye alidhani ni wa kanisa. Kanisani wakasema huyo tunamjua, ni wa chama cha mazishi. Chama cha mazishi kilikuwa na mwenyekiti wake, mama mmoja mkali kweli, na nilipomuuliza nusura anizike mimi. Mwishowe nilimkabili mwenyewe. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Fundi, wewe endelea na mbao zako."

Basi nikaendelea na mbao zangu. Mimi ni seremala, kazi yangu ni vitanda, na karakana yangu ilikuwa mwanzo wa kichochoro, chumba cha kulala kikiwa nyuma yake. Mwenyekiti alipita hapo kila asubuhi akiwa amevaa gambuti, vile viatu vya mpira vya kufika magotini. Jua liwake, vumbi litimke, iwe ni harusi au Ijumaa Kuu, yeye na gambuti. Ukimuuliza alikuwa na jibu lake moja: "Siku maji yakija, nyinyi mtaanza kutafuta viatu. Mimi nitakuwa nimeshavaa." Jibu lilikuwa zuri, ila gambuti ya kushoto ilikuwa na tundu kisiginoni. Mvua ikinyesha alirukaruka juu ya mawe kama sisi sote, na mara nyingi alilowa kuliko sisi, kwa sababu maji yakishaingia kwenye gambuti hayana pa kutokea.

Alipenda mabaraza. Chifu akiitisha baraza, Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kuinua mkono. Alisimama, akakohoa, akasubiri hata watoto wanyamaze.

"Nina swali moja na nyongeza," alikuwa akisema. "Swali ni hili. Gari lenu la zimamoto lina upana gani?"

Niliyasikia mabaraza mengi na maofisa wengi, wanene na wembamba, na sikumsikia hata mmoja aliyejua. Mmoja alisema inategemea. Mwingine alisema kazi yake yeye ni usalama, mambo ya magari aulizwe mtu wa magari. Kijana mmoja aliyekuwa mgeni kazini, na ambaye hakuwa ameonywa, alijibu kwamba gari ni kubwa la kutosha.

"Kutosha wapi?" Mwenyekiti akamuuliza.

Watu walicheka mpaka chifu akagonga meza. Lakini wote, wanene kwa wembamba, walimaliza kwa maneno yale yale: hilo ni swali zuri, mzee, tumelichukua. Mwenyekiti alirudi nyumbani akitikisa kichwa. "Limechukuliwa tena," aliniambia. "Sijui haya maswali yangu wanayaweka wapi. Lazima kuna stoo mahali."

Ile nyongeza hakuna aliyewahi kuisikia. Tulimbembeleza atuambie japo sisi majirani. Alikataa katakata. Nyongeza huja baada ya jibu, alisema, na jibu halijaja, huo ndio utaratibu wa mkutano. Kuna watu mtaani kwetu walioweka dau juu ya ile nyongeza.

Siku moja nikampigia randa kipande cha mti awe na fimbo, akafurahi, akaketi juu ya benchi langu akanieleza. "Nikijua upana wa gari, najua tubomoe wapi. Nao wakijua kwamba gari lao haliingii, watajua wajenge nini. Sasa hakuna anayejua, na kila mtu ako na raha zake." Kisha akaongeza kwamba fimbo ni fupi.

*

Mambo yake mengi yalianza vizuri yakaharibika njiani, na nitasema ukweli, sehemu ya kuharibika ilikuwa ndiyo tuliyoipenda.

Chukua mambo ya mchanga. Alizunguka nyumba kwa nyumba akaamuru kila mlango uwe na debe la mchanga, kwa sababu maji kwetu yalikuwa ya kununua kwa mtungi na hakuna atakayemwagia jirani mtungi mzima bila kufikiria kidogo. Tukamtii. Alijua kufuatilia mtu mpaka achoke. Wiki ya kwanza paka walishukuru. Wiki ya pili watoto walipika keki. Lakini aliyeshukuru zaidi alikuwa Mama Njugu, jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti inayofika Ayany bila kuchoka. Njugu zake alizikaanga kwenye mchanga wa moto, kama wafanyavyo wote, ili zisiungue. Sasa akajikuta na mchanga wa kichochoro kizima. Mwenyekiti alipokuja kukagua madebe alikuta nusu yakiwa matupu na kichochoro kinanukia njugu.

"Mama, huu mchanga ni wa moto!" akafoka.

"Si ndio niko nao kwa moto," Mama Njugu akamjibu, huku akikoroga. Akamkunjia njugu kwenye kipande cha gazeti. Mwenyekiti alisimama akazila zote huku akimgombeza.

Au chukua mazoezi ya kwanza ya kukimbia. Alikuwa na filimbi ya refa, sijui aliitoa wapi. Akatutangazia kwamba ikilia mara tatu, kila mtu atoke nje akimbilie barabara ya Ayany, mikono mitupu. Akarudia: mikono mitupu. Filimbi ikalia. Watu wakatoka kweli, ila hakuna aliyetoka mikono mitupu. Mama Njugu alibeba jiko likiwa na moto ndani. Mzee mmoja aling'oa mlango wake akaja nao kichwani. Ouma, kijana aliyekuwa akichomelea madirisha karibu na kwangu, alipanda paa akaanza kung'oa mabati, kwa maana kwetu nyumba ikiungua matope hurudi bure, bati ndilo la kununua. Wote walikutana katikati ya kichochoro, mlango, jiko na mabati, na hakuna aliyeweza kusonga mbele wala nyuma. Mwenyekiti alikuwa upande wa pili wa mlango, akipuliza filimbi mpaka macho yakamtoka. Ilibidi tumtoe kwa kupitisha mlango juu ya kichwa chake.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye siku hiyo ndipo alipopata wazo la kitanda.

Aliingia karakana yangu Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa nimemaliza kitanda cha futi nne kwa sita, mbao nzuri, vanishi haijakauka sawasawa. Akakizunguka. Akasema, "Mgonjwa hatembei. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hatembei. Maiti ndio kabisa. Wote hao wanatoka na kitanda. Kwa hivyo kichochoro chenye hakipitishi kitanda si njia, ni mtego. Fundi, hii natumia."

Hakuniomba. Alinijulisha tu. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi asubuhi watu wanne waliinua kitanda changu, wawili mbele na wawili nyuma, wakapita nacho kichochoro chote mpaka barabara ya Ayany, naye akitangulia na filimbi. Kila mbebaji alikuwa na mguu wake wa kitanda, na haukubadilishwa. Wangu ulikuwa wa mbele kulia. Wa nyuma kushoto ulikuwa wa Ouma. Miguu mingine miwili ilikuwa ya mafundi wawili wa mawe, ndugu wa tumbo moja. Mwenyekiti hakuwahi kubeba. Alisema mwenyekiti hasimamii kitu akiwa chini yake.

Kitanda kilipokwama, kilichokikwamisha kilitolewa. Aliyejenga kibaraza alikikata. Aliyeweka kabati nje alilirudisha ndani. Aliyepanua bafu alilipunguza, na ikawa lazima ajipinde akioga. Watu walilalamika, walitukana, kuna mmoja alilala juu ya kibaraza chake akasema tumkate na yeye. Lakini kidogo kidogo kichochoro kilipanuka. Watoto wakapata pa kucheza, harufu ikapungua, na kuna mama wa nyumba ya mwisho, upande wa barabara, aliyetolewa kwa kitanda kile kile akiwa na uchungu akawahi hospitali, akazaa mtoto wa kike. Hapo watu wakaanza kumtazama Mwenyekiti kwa jicho jingine. Mimi nilimtazama kwa jicho lile lile, kwa sababu hakuna mteja aliyetaka kununua kitanda kilichokwaruzwa pande zote.

Sasa nitaje banda la kuku. Mwenyekiti alikuwa na banda, karibu na mwisho wa kichochoro, nje ya mlango wake mwenyewe, nalo lilijitokeza njiani kama tumbo. Kitanda kilipofika hapo, yeye mwenyewe mpigaji filimbi aliamuru, "Inua juu!" Tukakiinua juu ya vichwa, tukakiinamisha, tukapita. Tulimuuliza mara ngapi kwa nini banda lake haling'olewi.

"Hilo ni la muda," alijibu.

Lilikuwa la muda tangu nilipohamia. Ouma ndiye aliyeweza kumtania usoni: "Chairman, wewe ni kama gava tu. Wengine wabomoe, ya kwako ni ya muda." Mwenyekiti alinuna siku mbili kwa kuitwa serikali, kisha akaleta mayai.

*

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa mbishi, alijua kila kitu, na alikuwa na tabia ya kuchungulia sufuria za watu kwa kisingizio cha kukagua jiko. Mwenyewe alipikia mafuta ya taa chini ya pazia. Lakini jambo moja alilijua kwa uchungu, na akilisema hakuwa na mzaha.

Palitokea moto mdogo kichochoro cha chini, miaka michache kabla ya ile shida ya uchaguzi nitakayoifikia. Nyumba chache zikaungua. Baadaye likaja lori la blanketi, na watu wa kamera, na mheshimiwa aliyemkabidhi bibi mmoja blanketi mara mbili kwa sababu picha ya kwanza haikutoka. Mwenyekiti alipokea la kwake. Alipokea mawili, kusema kweli, kwa kuzunguka mstari. Kisha akaja karakana, akayaweka juu ya benchi, akakaa.

"Mtu amechomeka ndio anaambiwa ajifunike," alisema. "Fundi, pesa za blanketi wako nazo. Za bomba hawana. Za kufungua barabara hawana. Kwani hizi pesa ziko mifuko tofauti? Kila mwaka tunaungua, kila mwaka wanashangaa. Hawa watu hawakosi pesa, wanakosa kujiandaa. Wakitupa bomba moja hapo Ayany na barabara moja katikati, hizo blanketi watalala nazo wao."

Nikamwambia aliseme hilo barazani. Akasema hawezi, swali la kwanza bado halijajibiwa.

*

Kabla ya Krismasi ile ya uchaguzi, mama yangu aliteleza shambani huko Machakos akavunjika mguu. Nikamleta Nairobi, hospitali wakamfunga plasta toka kidoleni hadi pajani, wakanikabidhi. Kwetu mama tunamwita Mwaitu, na mtaa mzima ukamwita hivyo. Nikamlaza juu ya kile kitanda kilichokosa mnunuzi, na kando yake nikaweka stuli yake ya kutoka nyumbani, aliyokataa kuiacha, ambayo aliitumia kuwekea chai na kunigongea ukuta.

Mwenyekiti alikuja kumjulia hali. Aliangalia plasta, akaangalia mlango, akanigeukia mimi kana kwamba mgonjwa hayupo.

"Huyu mama atatoka aje hapa?"

"Nitatoka na miguu yangu," Mwaitu akajibu.

"Ni mguu mmoja, mama."

"Na wewe una viatu viwili na kimoja kimetoboka."

Hawakupatana tangu hapo. Mwenyekiti alitaka Jumamosi tufanye zoezi Mwaitu akiwa juu ya kitanda, ili uzito ujulikane. Mwaitu akasema yeye si gunia la mahindi, na huyo mtu wa gambuti akirudi atamrushia stuli. Akarudi. Ikarushwa. Ilimkosa, akaiokota, akaipangusa, akasema ni stuli nzuri, ni nani aliyeichonga.

Watu wakapiga kura. Kisha matokeo yakakawia, na kila mtu akakaa na redio sikioni. Yalipotangazwa ni kama mtu amepiga teke mzinga wa nyuki. Maduka yakafungwa, unga ukaisha, barabara ikawekwa mawe na matairi yanayowaka, moshi ukawa unapanda mara upande huu mara ule. Watu waliokuwa wakiitana kwa majina ya watoto wao wakaanza kuulizana jina la pili, lile linalotaja kabila. Mimi wa Machakos kila upande ulinitilia shaka, kwa kuwa sikuwa wa upande wowote. Mafundi wale wawili wa mawe walikuwa wamekwenda kwao kwa sikukuu, na sikujua kama watarudi. Ouma alikuwa amesimama mdomoni mwa kichochoro na vijana wenzake, mikononi wana mawe. Nikamwambia, "Niaje, Ouma." Akatazama kando.

Hilo liliniuma kuliko njaa. Nilikuwa nimemfundisha kijana yule kupima. Niliogopa, nasema wazi, na sikuwa nimeogopa kwa ajili yangu. Mimi ningeweza kukimbia. Nilikuwa na mama asiyeweza hata kuufikia mlango, na usiku na mchana nilifikiri kitu kimoja tu: moto ukiwaka hapa, nitamtoaje?

Jumamosi ikafika, Mwenyekiti akaja mlangoni na filimbi shingoni.

"Chairman, watu wanauana!" nikamwambia.

"Ndio maana," akasema.

Nikamfukuza. Nilimsikia akienda akipuliza filimbi peke yake kichochoro chote, hakuna aliyetoka.

Moto ulikuja siku chache baadaye, mchana, kutoka kichochoro cha pili. Nani aliuwasha sijui hadi leo. Nilisikia kwanza mabati yakilia, yale yanayolia yakipata joto, kisha watu wakipiga kelele, kisha filimbi. Mara tatu.

Nikajaribu kuinua kitanda upande wa kichwani, hakikuinuka. Mtu mmoja hawezi. Mwaitu alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, nenda. Mimi nimekula vya kutosha." Nililia pale pale, sikujali.

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia Ouma. Hakunisalimu, hakunitazama usoni. Alipita moja kwa moja hadi nyuma kushoto, akainama, akashika mguu wake wa kitanda.

"Fundi, shika yako," alisema.

Hadi leo sidhani kama alifikiri. Filimbi ililia, akadondosha mawe, akaja kwenye mguu wake. Nilimpenda kijana yule wakati huo kuliko nilivyowahi kumpenda mtu asiye ndugu yangu. Mama Njugu akaingia na mabega yake akashika nyuma kulia bila kuambiwa. Ukabaki mbele kushoto. Mwenyekiti, ambaye maishani hakuwahi kubeba, akatazama ule mguu, akatema filimbi, akaushika.

Tukatoka. Na kitanda kikapita! Kikapita pale palipokatwa kibaraza, kikapita kwenye lile bafu la kuoga umejipinda, hakikugusa ukuta hata mara moja. Watu walikuwa wanakimbia mbele yetu, na mara hii hakuna aliyebeba mlango. Moshi ulitushika koo. Juu ya kitanda Mwaitu alikuwa ameikumbatia stuli yake, anatoa amri: kulia, kushoto, nyinyi mnaobeba mbele mbona mmelegea. "Huyu wa gambuti ananiyumbisha!" alipiga kelele.

Kisha tukafika kwenye banda.

Kitanda kitupu tungekiinua na kukiinamisha. Kitanda chenye Mwaitu huwezi. Tukasimama, moto nyuma yetu, banda mbele yetu, na sote watatu tukamtazama Mwenyekiti. Alilitazama banda lile la muda, akaweka kitanda begani, akainua ile gambuti yenye tundu, akapiga teke. Akapiga la pili. Banda likaanguka, mabati na wavu na kuku, kuku wakaruka pande zote, mmoja mweupe akatua kifuani pa Mwaitu. Mwaitu akamkamata miguu, akambana kwapani pamoja na stuli. Tukapita.

Barabarani Ayany gari la zimamoto lilikuwa limefika. Hilo wengi hawalijui. Lilifika, likasimama, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuingilia. Wale jamaa wa gari walivuta mpira wao wa maji mpaka ukaisha, ukaishia mbali na moto. Vijana wakaanza kuokota mawe kulipiga gari. Hapo Mwenyekiti akaacha kitanda, akawapita, akasimama mbele ya gari akiwa amenyoosha mikono yote miwili. Wengine walidhani analitetea. Mimi nilijua anafanya nini. Alikuwa analipima. Alipiga hatua moja kando, akanyoosha tena mikono, midomo ikihesabu. Dereva alimwona mzee mwenye masizi usoni anakumbatia gari lake, akaingiza gia akarudi nyuma kwa kasi.

"Simama!" Mwenyekiti alimlilia. "Simama kidogo tu!"

Kichochoro chetu kiliungua chote, na karakana yangu, na yale blanketi mawili ya Mwenyekiti. Hakuna mtu aliyeungua. Tulihesabiana pale barabarani kwa majina ya kwanza, tukawa tumetimia.

*

Nilihamia Kawangware, huku Gatina, nikapata pa kufanyia kazi upande wa Riruta. Mwaitu alipona nusu. Mguu ulikubali kusimama, ukakataa kutembea. Tunakaa ghorofa ya pili ya jengo la kupanga, na kitanda chake nilikiunganishia ndani, kwa maana ngazi ni nyembamba na geti la chini hufungwa kwa kufuli. Yule kuku mweupe alitaga muda mrefu kwenye veranda. Mwaitu alimwita Chairman.

Mwenyekiti mwenyewe sikumwona kwa miaka. Nilisikia alirudi Kibera, wakajenga upya pale pale, na kwamba kwenye mstari wa blanketi aliinua mkono akauliza swali lake, likachukuliwa.

Kisha asubuhi moja, natoka kununua misumari, nikakuta gari la zimamoto limesimama kando ya barabara hapa Gatina. Kibanda cha chipsi kilishika moto, majirani wakauzima wenyewe, na wale jamaa wa gari walikuwa wamebaki wakinywa soda. Mbele ya gari alikuwa mzee amepiga magoti, gambuti zikitazama barabara.

"Chairman!"

Aligeuka polepole. Alikuwa amezeeka, fimbo niliyomchongea bado anayo. Hakuniuliza habari za nyumbani wala niko wapi siku hizi, wala hakunieleza ameliandama gari lile kutoka wapi.

"Fundi. Uko na futi?"

Seremala hakosi futi ya kupimia. Yeye akashika mwanzo, mimi nikavuta. Nikaanza kumsomea namba, akatikisa kichwa. "Nihesabie na kitanda," alisema.

Nikapiga hesabu. "Ni kama kile chetu, Chairman. Lakini si upana wake. Ni urefu, ukikilaza kikatize njia. Halafu uongeze stuli ya Mwaitu pembeni."

Alitazama gari, akatazama vichochoro vya Gatina vinavyoingia kati ya maghorofa, yale ambayo Mwaitu alikuwa ndani ya mojawapo, ghorofa ya pili, anangoja chai. Na mimi nikavitazama, nikivipima kwa macho.

"Kumbe tungekibeba kikiwa kimekatiza," alisema. "Miaka yote." Kisha akatikisa kichwa tena. "Lakini Fundi, kitanda cha kukatiza, watu wanne wa mtaa hawawezi. Ungebomoa Kibera yote na gambuti. Hiyo ni ya serikali kubeba."

Aliinuka kwa kunishika bega. Akakung'uta magoti, akakohoa, akamgeukia dereva aliyekuwa na chupa ya soda, akainua mkono juu kama barazani. Nikajua kinachokuja.

"Kijana," alisema, "swali langu limejibiwa. Sasa nyongeza. Barabara ya upana huo iko wapi?"

Dereva alishusha chupa. Alitazama kichochoro cha kwanza, akatazama cha pili, akalitazama gari lake kama ndiyo kwanza analiona.

"Hilo ni swali zuri, mzee," akasema.

Mwenyekiti akakaa kwenye kidato cha gari la zimamoto, akavua gambuti ya kushoto, akakung'uta changarawe, akasema hana haraka, atangoja hapo hapo.